Niliteleza kwenye ngazi zenye barafu, mwaka umepita na bado naumwa

Swali: "Asalaam alaykum. Mimi ni mama wa miaka 52, mzaliwa wa Tanga, naishi Ottawa, Canada, na kazi yangu ni kutunza wazee. Januari mwaka jana, alfajiri nikitoka kwenda kazini, niliteleza kwenye kidato cha chini cha ngazi za mlango wa nyuma. Miguu ilitangulia, nikakalia ukingo wa ngazi, mkono wa kulia ukapokea uzito na mguu wa kushoto ukapinda. Hospitali walisema mfupa wa mkono umevunjika karibu na kifundo, nikafungwa plasta wiki sita. Mguu walisema umeteguka tu, hata eksirei hawakupiga. Sasa ni mwezi wa kumi na nne. Nikikamua tambara la deki, mkono unachoma upande wa kidole cha mwisho. Kusonga ugali siwezi, na nikisujudu nakunja ngumi. Kukaa nakaa kwa tako moja. Mguu unavimba jioni na mara nyingine unakunjika ghafla nikitembea. Shangazi anasema ni baridi yabisi, daktari wa zamu alisema ni umri. Je, ndivyo nitakavyobaki? Na nikiona ngazi moyo unaruka."

Wa alaykum salaam dada, na pole sana. Jibu lenyewe kwanza: hapana, hutabaki hivyo ulivyo leo. Mengi kati ya uliyoyataja yanaweza kupungua hata baada ya miezi yote hiyo, na machache huenda ukaishi nayo. Tatizo ninaloliona kwenye barua yako ni kwamba una majeraha matatu tofauti, na kila aliyekusikiliza ameyafunga furushi moja, mara baridi, mara umri. Mkono, kifandugu (ncha ya chini ya uti wa mgongo) na kifundo cha mguu haviponi kwa namna moja wala kwa muda mmoja. Nitachukua kimoja kimoja, na nitakaa zaidi kwenye mkono.

Kabla ya hapo, suala la shangazi. Baridi yabisi ya kweli, ule ugonjwa wa viungo unaotokana na kinga ya mwili, kwa kawaida hushika viungo vidogo vya mikono yote miwili, na asubuhi mtu huamka amekakamaa kwa saa nzima au zaidi. Wewe unaumwa mahali pale pale palipogonga chini na si penginepo. Baridi ya Ottawa hukaza misuli, hupunguza damu inayofika vidoleni na hufanya kiungo kilichokwishaumia kisikike zaidi, lakini haijaingia ndani ya mfupa wako wala haiuharibu. Vaa glavu nzito, pasha mkono kwa maji ya uvuguvugu kabla ya mazoezi, na shangazi akipiga tena mwambie ahsante kwa dua.

Sasa mkono. Anayejikwaa huanguka mbele, na mara nyingi huwa amekwishaona anakokwenda. Anayeteleza kwenye barafu miguu humtoka, mwili hurudi nyuma, na mkono hukimbilia chini kiganja kikiwa wazi. Uzito wote hupita kwenye ncha ya mfupa wa upande wa kidole gumba, kama inchi mbili za mwisho kabla ya kiganja. Huo ndio mfupa unaovunjika zaidi mtu akiangukia mkono. Daktari mmoja wa Dublin, Abraham Colles, aliuandikia mvunjiko huu mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa, akiwa hana zaidi ya macho na vidole vyake. Alisema mkono utabaki umepinda, ila baada ya muda mrefu utatembea kwa uhuru wote na bila maumivu. Kuhusu kupinda hakukosea. Kuhusu maumivu alikuwa na matumaini kupita kiasi, na nadhani baadhi yetu tunaofungua plasta tumeurithi moyo wake: mfupa umeunga, kwaheri mama, nenda nyumbani.

Mfupa kuunga ni nusu ya kazi. Ndani ya zile wiki sita, ngozi ya ndani inayozunguka kifundo hukakamaa, misuli ya mkono wa mbele hupungua hadi unaiona kwa macho, na ubongo nao huzoea kuulinda mkono huo. Bila mazoezi ya kupanga, mtu hubaki na mkono mzima kwenye eksirei lakini usiofaa jikoni. Swali la kwanza ningekuuliza ana kwa ana ni hili: baada ya plasta, kuna mtu aliyekaa nawe akakufundisha mazoezi na kuyaongeza wiki hadi wiki? Kwa barua yako, naona hapana.

Lile la kuchoma upande wa kidole cha mwisho unapokamua lina maelezo yake. Mfupa uliovunjika mara nyingi huunga ukiwa mfupi kidogo kuliko ulivyokuwa, hata kwa milimita chache. Mwenzake wa upande wa pili haukuvunjika, kwa hiyo sasa unaonekana mrefu na unasukuma kisahani cha gegedu kilicho kati yake na mifupa ya kiganja. Kukamua, kufungua chupa, kusonga ugali: kazi hizo tatu huzungusha mkono huku umekaza ngumi, na hapo ndipo kisahani hicho hubanwa. Ndiyo maana kubeba mfuko wa sokoni mkono ukiwa umening'inia pengine hakukusumbui, lakini tambara la deki linakutoa machozi. Ombeni eksirei mpya ya mikono yote miwili, wa kulia na wa kushoto, ipimwe tofauti ya urefu. Upasuaji wa kunyoosha mfupa uliounga vibaya, au wa kufupisha ule mwingine, upo na husaidia waliochaguliwa vizuri. Mimi singeufikiria kabla ya miezi mitatu au minne ya mazoezi ya kweli.

Gusa pia shimo dogo linalojitokeza chini ya kidole gumba ukikinyoosha juu. Ukibonyeza hapo na ukaruka kwa maumivu, mwambie daktari. Kuna kimfupa hapo ambacho damu yake huingia kwa nyuma, kutoka upande wa vidole, kwa hiyo kikivunjika katikati nusu moja inaweza kukosa damu ikafa polepole, na kifundo kizima kikaja kusagika baada ya miaka. Mvunjiko wake mara nyingine hauonekani kwenye eksirei ya siku ya kwanza, na hufunikwa kirahisi na mvunjiko mkubwa wa jirani. Dalili nyingine ya kutaja ni ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati usiku. Hiyo ni neva iliyobanwa kwenye njia yake ya kuingia kiganjani, nayo ina tiba.

Mazoezi yenyewe. Shika mwiko wa ugali katikati ya mpini, kiwiko kimebana ubavuni, kisha uangushe taratibu kulia na kushoto mpaka unapohisi mvuto, mara kumi, mara tatu kwa siku. Uzito wa mwiko ndio dawa, na ukizoea shika karibu zaidi na mwisho. Halafu sijda. Kiganja kilicholazwa sakafuni kikibeba mwili kinataka kifundo kikunjike nyuma karibu na mwisho wa uwezo wake wote, kwa hiyo usianze sakafuni. Anza kwa kulaza viganja ukutani, kisha ukingoni mwa meza, kisha kwenye kiti, na kila hatua uegemee mpaka uhisi mvuto usiozidi maumivu ya nne kwa kumi. Kila baada ya wiki mbili au tatu shuka hatua moja. Sijda yenyewe itakuwa kipimo chako kizuri kuliko chombo chochote nilicho nacho kliniki, maana unaipima kila siku. Mpaka hapo, ngumi inatosha, na kiti pia kinaruhusiwa kwa mgonjwa. Vunjiko la namna hii huendelea kurudisha nguvu ya kushika hata baada ya mwaka wa kwanza, ila baada ya hapo halirudi kwa kungojea.

Kwa anayesoma haya akiwa bado na plasta: vidole visilale. Vikunje na kuvinyoosha kila saa. Mkono ukiwaka moto kupita kiasi, ukavimba, ukabadilika rangi na kutoa jasho peke yake, rudi hospitali wiki hiyo hiyo, kwa sababu kuna hali ya neva kuchanganyikiwa ambayo ikishikwa mapema hutulia na ikiachwa hudumu miaka. Na kidole gumba kikikataa ghafla kunyooka wiki chache baadaye, bila kuanguka tena, huenda ukano wake umekatika kwa kusuguana na mfupa. Hicho nacho hakingoji.

Kifandugu hakina mengi, ingawa kinatesa. Ulikalia ukingo wa ngazi, na mkia ule wa uti wa mgongo ukapinda mbele, ukavunjika au kano zake zikavutika. Wengi hupona ndani ya wiki au miezi michache. Ikizidi miezi miwili tunahesabu ni maumivu sugu, na wanawake hupata zaidi kuliko wanaume. Kukaa kwa tako moja kunakupunguzia leo na kukuongezea kesho, kwa sababu mgongo na nyonga hupinda kufuata. Tafuta mto wenye pengo upande wa nyuma, usio duara kamili, ili kifandugu kielee hewani. Inama mbele kidogo kutoka kwenye nyonga kabla ya kusimama, maana maumivu makali huja pale unaponyanyuka. Usiache choo kikawa kigumu. Kuna wataalamu wa viungo waliosomea misuli ya sakafu ya nyonga, na kwa mwanamke mwenye kifandugu cha mwaka mzima hao ndio ningewatafuta kwanza, kabla ya sindano. Najua wengi wetu huona haya kulisema hili kwa daktari, hasa akiwa mwanaume. Una haki ya kuomba mwanamke.

Ila hapa kuna jambo lisilongoja miadi: ukipata ganzi sehemu zile zinazogusa tandiko unapokaa, ukashindwa kukojoa au kuhisi haja, au miguu yote miwili ikalegea, nenda dharura usiku huo huo.

Twende mguuni. Umelalamika kwamba hawakupiga eksirei, na nafikiri hapa hukudharauliwa. Hospitali za mji wako ndizo zilizotoa kanuni zinazotumika karibu dunia nzima, zinaitwa kanuni za Ottawa za kifundo cha mguu, zilizochapishwa mwaka 1992. Daktari hubonyeza ukingo wa nyuma na ncha ya kila jicho la mguu, hubonyeza mifupa miwili ya wayo, kisha hukutazama ukitembea hatua nne. Kama mifupa hailii kwa maumivu na hatua nne umezimudu, hata kwa kuchechemea, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana, na eksirei haihitajiki. Kanuni hizo ni nzuri. Lakini zinajibu swali moja tu, kwamba umevunjika au la. Kuhusu kano hazisemi chochote, na neno "umeteguka tu" ndilo lililokugharimu mwaka.

Upande wa nje wa kifundo una kano tatu, na ya mbele ndiyo huchanika kwanza mguu ukipinda kwa ndani. Ndani ya kano hizo kuna vihisi vinavyoujulisha ubongo mguu umelala vipi. Zikichanika, taarifa huchelewa, na misuli ya pembeni inakaza baada ya mguu kuwa umekwishapinda. Huko ndiko kukunjika ghafla unakokueleza. Uchunguzi mmoja uliokusanya tafiti nyingi uliona kwamba hadi thuluthi moja ya walioteguka bado walikuwa na maumivu baada ya mwaka, kwa hiyo wewe si kioja. Tiba yake haina urembo: simama kwa mguu mmoja mbele ya sinki, mikono karibu na ukingo, unapopiga mswaki. Ukimudu nusu dakika, fumba macho. Ongeza kunyanyuka kwa vidole, miguu yote miwili kwanza, kisha mmoja. Nasema sinki makusudi, kwa sababu mazoezi yaliyofungwa kwenye jambo unalolifanya kila siku hayasahauliki. Kazini vaa kifungio cha kifundo kwa miezi michache ya kwanza, hasa unapogeuza mgonjwa kitandani.

Uvimbe wa jioni ndio unaonifanya nitake uchunguzi zaidi. Pengine ni kano zilizolegea tu, pengine kipande cha gegedu kiliumia juu ya mfupa unaokaa katikati ya kifundo, na hicho huonekana kwenye picha ya MRI, mara nyingi hakionekani kwenye eksirei. Kifundo cha mguu kina tabia yake. Nyonga na goti husagika kwa umri na uzito, lakini kwa kifundo cha mguu, watu wengi waliosagika waliwahi kuumia hapo. Mwaka 1976 watafiti wawili walionyesha kwamba mfupa ule wa katikati ukisogea nje milimita moja tu, eneo linalobeba uzito hupungua kwa asilimia 42. Hiyo ni sababu ya kutouacha mguu ukiendelea kupinda kila mwezi. Kila ukipinda unaongeza deni litakalodaiwa ukiwa na miaka 65.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hukuliuliza, nami naliona kubwa kuliko yote. Ulianguka kutoka kidato cha chini, yaani kimo chako mwenyewe, na mfupa ukavunjika. Kwa mwanamke wa miaka 52 hiyo ni sababu ya kupima uimara wa mifupa. Vunjiko la mkono mara nyingi hutangulia, na linalofuata baada ya miaka 15 au 20 linaweza kuwa la uti wa mgongo au la nyonga. Wewe unayetunza wazee umeona kinachowapata waliovunjika nyonga: kati ya watano, mmoja au zaidi hafiki mwaka. Kama hedhi imekoma, mwombe daktari wa familia kipimo cha uzito wa mifupa, mweleze una vunjiko baada ya miaka 50. Miongozo ya Canada inaunga mkono ombi hilo, na si kumsumbua. Ottawa iko nyuzi 45 kaskazini. Utafiti uliofanywa Boston, ulio kusini yake, ulionyesha mwaka 1988 kwamba kuanzia Novemba hadi Februari jua halina nguvu ya kutengeneza vitamini D ngozini. Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuliko nyeupe, na anayejistiri hupata kidogo zaidi. Jua la Tanga halijawekwa akiba mwilini mwako. Wizara ya Afya ya Canada inashauri kila aliyepita miaka 50 atumie nyongeza ya vitamini D ya uniti 400 kila siku, na daktari anaweza kukuongezea.

Moyo kuruka ukiona ngazi si udhaifu wa imani wala wazimu. Ni kumbukumbu ya mwili, nayo ina madhara yake: anayeogopa kuanguka hutembea kwa hatua fupi na magoti yaliyokakamaa, hutoka nje kidogo, misuli ya mapaja hulegea, na akianguka tena huumia zaidi. Ngazi za ndani, zilizokauka, ndizo mahali pa kuanzia. Panda na kushuka vidato vitatu, mkono kwenye kishikio, kila siku, ukiangalia mbele badala ya miguuni. Zile za nje zisubiri mpaka uzoee.

Na ngazi zile za nyuma zishughulikiwe. Tazama juu yake kama bomba la paa linadondoshea maji hapo, kwa sababu theluji ya paani huyeyuka mchana na kuganda usiku, ndipo alfajiri unakuta barafu nyembamba isiyoonekana. Chumvi ya kawaida inachoka baridi ikifika nyuzi 10 hivi chini ya sifuri, na Januari ya Ottawa hufika huko mara nyingi. Siku hizo tumia kalsiamu kloridi au mwaga mchanga, angalau kiatu kipate pa kung'ata. Kama nyumba ni ya kupanga, sheria ya mkoa wako wa Ontario tangu Januari 2021 inataka mwenye nyumba apewe taarifa ya maandishi ndani ya siku 60 tangu kuumia kwa sababu ya barafu au theluji. Zimekwishapita, ila sheria ina nafasi kwa mwenye sababu ya maana ya kuchelewa, na ukomo wa kawaida wa kushtaki ni miaka miwili. Ukitaka kuulizia, kliniki za msaada wa sheria zipo, na usingoje Januari ijayo.

Kwa daktari usiende na "naumwa mwili mzima", kwa sababu sentensi hiyo ndiyo inayorudisha jibu la umri. Andika kwenye karatasi na umsomee: nilianguka tarehe fulani, mkono wa kulia unachoma upande wa kidole cha mwisho nikikamua, naomba eksirei ya mikono yote miwili, kifandugu kina zaidi ya mwaka, naomba rufaa kwa mtaalamu wa sakafu ya nyonga, kifundo cha kushoto kinavimba na kukunjika, naomba kichunguzwe na mtaalamu wa viungo, nilivunjika nikiwa na zaidi ya miaka 50, naomba kipimo cha mifupa. Bima ya mkoa, OHIP, kwa umri wako hulipia mazoezi ya viungo pale tu ulipolazwa hospitali usiku au ukiwa kwenye misaada ya serikali, na wewe ulifungwa plasta ukarudi nyumbani. Kwa hiyo anzia ofisi ya wafanyakazi hapo kazini, uulize bima yao inalipia vikao vingapi kwa mwaka. Vikao sita vikipangwa vizuri, kimoja kila wiki mbili na mazoezi nyumbani katikati, vinatosha kujua mkono na mguu vinaelekea wapi.